Namna ya Kukadiria Ngao ya Sumaku ya Kuwakinga Wanaanga na Mionzi

Kati ya Novemba 2011 na Agosti 2012, kifaa cha RAD kilichokuwa ndani ya chombo kilichoibeba roboti ya Curiosity kwenda Mirihi kilipima wastani wa takriban milisiveti 1.8 za mionzi kwa siku. Duniani mtu hupata, kwa wastani wa ulimwengu mzima, milisiveti 2.4 hivi kwa mwaka kutokana na mionzi ya asili. Siku 180 za kwenda na 180 za kurudi zinafikisha jumla ya milisiveti 650 hivi, nayo inapita kikomo cha milisiveti 600 ambacho Shirika la Anga la Marekani, NASA, limemwekea mwanaanga kwa maisha yake yote ya kazi, kabla hatujahesabu hata siku moja ya kukaa juu ya ardhi ya Mirihi kwenyewe.

Wazo la kuizuia mionzi hiyo kwa sumaku ni la tangu miaka ya 1960, na tangu hapo mapendekezo yamekuwa yakija na michoro ya kupendeza. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuyapima kwa kalamu na kikokotoo. Haufundishi kuijenga ngao, kwa kuwa hakuna ngao ya ukubwa kamili iliyokwisha kurushwa angani. Unamwezesha msomaji mwenye fizikia ya sekondari kujua, ndani ya saa moja, kama pendekezo lililo mbele yake lina mashiko.

Amua kwanza unazuia nini

Mionzi ya anga za juu iko ya aina mbili, na kinga ya moja huenda isifae kabisa kwa nyingine. Ya kwanza ni ya dhoruba za jua. Hizi huja kwa ghafla, hudumu saa kadhaa au siku chache, na sehemu kubwa ya chembe zake ni protoni zenye nishati ya makumi hadi mamia machache ya megaelektronivolti. Dhoruba kubwa ya Agosti 1972 ilitokea katikati ya safari za Apollo 16, ya Aprili, na Apollo 17, ya Desemba mwaka huohuo. Ingewakuta watu wakitembea mwezini, wangepata kipimo cha hatari.

Aina ya pili ni mionzi ya kosmiki itokayo nje ya mfumo wa jua. Hiyo haina msimu wa kukatika: hunyesha kutoka pande zote, mchana na usiku, na huzidi pale jua linapokuwa tulivu katika mzunguko wake wa takriban miaka 11. Karibu tisa ya kumi ya chembe zake ni protoni, nyingi kati ya zilizobaki ni viini vya heli, na kiasi cha asilimia moja ni viini vizito hadi kufikia chuma. Asilimia hiyo moja isidharauliwe. Nishati ambayo chembe huiacha ndani ya mwili katika kila milimita huongezeka kwa kipeo cha pili cha chaji yake, hivyo kiini cha chuma chenye chaji 26 huacha takriban mara 676 ya kile inachoacha protoni yenye kasi ileile.

Kwa dhoruba za jua huhitaji sumaku. Chumba kidogo chenye kuta nene za maji au polithini kinatosha, na wanaanga wataingia humo kwa siku mbili tatu. Pendekezo la sumaku linalojisifu kwa kuzuia dhoruba za jua peke yake linatumia nyundo ya mhunzi kuua mbu. Sumaku ina kazi moja inayostahili gharama yake, nayo ni mionzi ya kosmiki, kwa hiyo hesabu zote zinazofuata zinailenga hiyo.

Pima ukaidi wa chembe

Uga wa sumaku hausimamishi chembe yenye chaji, huipinda tu njia yake. Chembe yenye momenta kubwa hukataa kupinda, na yenye chaji kubwa hupinda kwa urahisi zaidi. Uwiano wa momenta kwa chaji ndio ninaouita hapa ukaidi wa chembe. Kizio chake kinachofaa kwa kazi hii ni tesla-mita, kwa sababu kinakupa jibu moja kwa moja: chembe yenye ukaidi wa tesla-mita 6 itazunguka katika duara la nusukipenyo cha mita 6 ndani ya uga wa tesla 1, au mita 2 ndani ya uga wa tesla 3.

Ili kuupata, chukua nishati ya mwendo ya protoni kwa gigaelektronivolti na uiite K. Kokotoa kipeo cha pili cha K, ongeza K iliyozidishwa kwa 1.876, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu lizidishe kwa 3.34. Kwa protoni ya gigaelektronivolti 1 unapata 1 na 1.876, jumla 2.876, kipeuo chake 1.696, na ukaidi wa tesla-mita 5.7. Kwa protoni ya megaelektronivolti 100, ambayo ni mfano mzuri wa dhoruba ya jua, unapata 1.5 tu.

Kwa viini vizito, fanya hesabu ileile kwa kutumia nishati ya kila nukleoni, yaani kila protoni au neutroni ya kiini, kisha zidisha kwa idadi ya nukleoni na ugawe kwa chaji. Chuma chenye nukleoni 56 na chaji 26, kikiwa na gigaelektronivolti 1 kwa kila nukleoni, kina ukaidi wa tesla-mita 12 hivi, yaani zaidi ya mara mbili ya protoni. Hapa nami niliwahi kujikwaa: nilisahau kuzidisha kwa 56 na kugawa kwa 26, nikakisomea chuma jibu la protoni, na kwa wiki nzima nikaamini kwamba ngao niliyoichora ilikuwa bora maradufu kuliko ilivyo. Andika idadi ya nukleoni na chaji pembeni mwa karatasi kabla hujaanza.

Zidisha kwa mbili

Nguvu ya ngao yenyewe hupimwa kwa kizio kilekile: uga uliozidishwa kwa unene wa tabaka lake. Tesla 4 katika unene wa mita 2 ni tesla-mita 8. Chembe inayoingia wima katika tabaka hilo hugeuzwa ikiwa ukaidi wake haufikii 8. Lakini mionzi ya kosmiki huja kutoka kila upande, na ile inayoingia kwa mshazari, karibu kulalia uso wa tabaka kutoka upande usiofaa, huchimba kwa kina kinachofikia mara mbili ya nusukipenyo cha duara lake kabla haijageuka. Ili kuizuia hiyo pia, ukaidi wake usizidi nusu ya nguvu ya ngao, ambayo hapa ni tesla-mita 4.

Kwa hiyo kila ngao ina vikomo viwili: cha juu, ambacho juu yake hata chembe inayoingia wima hupita, na cha chini, ambacho chini yake hakuna kinachopita. Katikati ya hivyo viwili baadhi ya chembe hupita na nyingine hurudishwa. Ukiona pendekezo linalotaja kikomo kimoja tu, elewa kwamba ni kile cha juu.

Chagua umbo

Sumaku rahisi kuliko zote ni koili moja kubwa inayokizunguka chombo, mfano mdogo wa uga wa dunia. Ubaya wake ni kwamba uga wake hupita katikati, wanamoishi watu. Mwongozo wa mwaka 2009 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, unapendekeza uga tuli usiozidi tesla 2 kwa kichwa na kiwiliwili cha mfanyakazi, na tesla 0.4 kwa mtu wa kawaida. Mwanaanga anayelala na kuamka humo kwa miezi ningemhesabu upande wa pili. Wako pia wanaofananisha ngao na uga wa dunia bila kutaja ukubwa. Uga wa dunia ni dhaifu, mikrotesla 30 hivi kwenye ikweta, lakini umetanda kwa maelfu ya kilomita, na unene huo ndio unaoupa nguvu. Chombo cha anga hakina nafasi hiyo, kwa hiyo lazima unene mdogo ufidiwe kwa uga mkali.

Umbo lililozoeleka kwa ajili hiyo ni toroidi: koili nyingi ndefu zilizopangwa kukizunguka chumba cha silinda, kama vipande vya chungwa vilivyoondolewa kiini, ili uga uzunguke ndani ya koili na ubaki humo. Katikati, wanamokaa watu, uga unakaribia sifuri, na nje pia. Faida ya ziada ni kwamba toroidi haijaribu kujigeuza kama dira inapokuwa karibu na dunia. Kasoro yake ni kwamba koili zikiwa chache uga huvuja katikati yake, na kwamba ncha mbili za silinda hubaki wazi. Tutazirudia ncha hizo.

Fanya hesabu ya mfano mmoja hadi mwisho

Chukua chumba chenye nusukipenyo cha mita 3 na urefu wa mita 10, na tabaka la uga kuanzia mita 3 hadi mita 5 kutoka kwenye mhimili. Ndani ya toroidi uga hupungua kadiri unavyotoka nje. Tuseme unalingana na 16 gawanya kwa umbali, yaani tesla 5.3 kwenye ukuta wa ndani na tesla 3.2 kwenye ukuta wa nje. Nguvu ya ngao ni 16 mara logi asilia ya 5 kwa 3, nayo ni tesla-mita 8.2. Mkondo unaohitajika, ukijumlisha mizunguko yote ya waya, ni ampia milioni 80.

Vikomo vyake ni hivi. Protoni zote zenye nishati chini ya megaelektronivolti 600 hivi zinazoingia kwa ubavuni hurudishwa, na protoni inayoingia wima ikiwa na zaidi ya gigaelektronivolti 1.7 hairudishwi. Kwa chuma vikomo ni takriban megaelektronivolti 160 na 540 kwa kila nukleoni. Sehemu nene ya mionzi ya kosmiki iko kati ya mamia machache ya megaelektronivolti na gigaelektronivolti kadhaa, kwa hiyo ngao hii inakata kipande kizuri cha protoni ila inakiachia chuma kingi. Ni matokeo ya wastani, na nimechagua mfano wa wastani kwa makusudi.

Sasa tafuta nishati iliyohifadhiwa ndani ya uga. Kila mita ya ujazo yenye uga wa tesla 1 hubeba takriban kilojuli 400, na kiasi hicho hupanda kwa kipeo cha pili cha uga. Ukijumlisha tabaka lote unapata gigajuli 3.3. Nishati hiyo ni shinikizo pia: kwenye ukuta wa ndani uga unaisukuma koili kuelekea chumbani kwa megapaskali 11, zaidi ya mara mia moja ya shinikizo la hewa tunayovuta, na kwenye ukuta wa nje unaisukuma kutoka kwa megapaskali 4. Lazima kuwe na kitu cha kuyashika mashinikizo hayo, na kitu hicho kina uzito.

Kilojuli kwa kila kilo

Hapa ndipo mapendekezo mengi huanguka, na hapa ndipo ningemshauri mtu atumie nusu ya saa yake. Kuna kanuni ya mekanika, ya virialo, inayosema kwamba tungamo la muundo wa kuishika sumaku haliwezi kupungua chini ya nishati yake iliyozidishwa kwa msongamano wa mada na kugawanywa kwa mkazo ambao mada hiyo inaweza kuuvumilia. Hakuna ustadi wa uchoraji unaoikwepa. Kwa alumini ya kilo 2,700 kwa mita ya ujazo inayovumilia megapaskali 300, mfano wetu unahitaji angalau tani 29. Nyuzi za kaboni zingelishusha tungamo hilo mara kadhaa, kwenye karatasi.

Gawanya nishati kwa tungamo: kilojuli 111 kwa kila kilo. Weka namba hiyo kando ya sumaku zilizokwisha kujengwa kweli. Sumaku ya kifaa cha CMS pale CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, iliundwa kuhifadhi gigajuli 2.6 katika sehemu baridi ya takriban tani 220, yaani kilojuli 12 hivi kwa kilo, na hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya hali ya juu. Toroidi kuu ya kifaa cha ATLAS, iliyo CERN pia na inayofanana zaidi na ngao yetu kwa umbo, ina gigajuli 1.08 katika tani 830, yaani kilojuli 1.3 kwa kilo. Ni kweli kwamba hazikubuniwa ziwe nyepesi, na kwamba duniani zina mvutano wa kuhimili. Lakini zilijengwa, zikawashwa na zikafanya kazi. Tungejenga ngao yetu kwa uwiano wa ATLAS, ingekuwa na tani 2,500, na Kituo cha Kimataifa cha Anga chote kina tani 420 hivi.

Hatua inayofuata ndiyo mizani yenyewe. Chukua tungamo lilelile ulilolipata na ulitandaze kama polithini juu ya chumba chote, pamoja na ncha zake, eneo la mita za mraba 245. Tani 29 zinatoa ukuta wa sentimita 12 au 13, ambao unasimamisha protoni za hadi megaelektronivolti 130 hivi. Sumaku ya tani 29 inayorudisha zile za 600 imeushinda vibaya. Lakini ukiijenga kwa uwiano wa CMS, sumaku ina tani zinazokaribia 280. Tani 280 za polithini ni ukuta wa mita 1.2, unaosimamisha protoni za hadi megaelektronivolti 500 hivi, unaovunjavunja viini vizito pande zote, hauhitaji umeme, hauhitaji kupozwa, na hauwezi kuharibika katikati ya safari. Kwa tungamo hilo ningechagua polithini bila kusita.

Ukipewa pendekezo lolote, basi, tafuta namba hizo mbili kabla ya kutazama michoro: tesla-mita, na kilojuli kwa kila kilo. Ikiwa ya pili inakaribia ya CMS, ukuta mtupu wa uzito uleule unafanya kazi ileile. Ikiwa inakaribia mia moja, ngao ina faida kubwa, na swali linakuwa jinsi mwandishi anavyokusudia kufikia mara kumi ya kilichowahi kujengwa. Kumbuka pia kwamba koili na nguzo zake zenyewe hupigwa na mionzi na kutoa neutroni, ambazo hazina chaji na haziijali sumaku hata kidogo.

Baridi, na hatari ya mzimiko

Mkondo wa ampia milioni 80 hauwezi kupita katika shaba ya kawaida. Unahitaji superkondakta, mada ambayo ikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Aloi ya niobi na titani inayotumika CERN hufanya kazi chini ya kelvini 9.2 na kwa kawaida hupozwa kwa heli ya kimiminika. Yaliyoukuta mradi wa AMS-02, kifaa cha kuchunguza mionzi ya kosmiki kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, yanafundisha: kifaa hicho kilitengenezewa sumaku ya superkondakta, ila heli yake ingekwisha baada ya miaka michache, kwa hiyo mwaka 2010 ikaamuliwa itumike sumaku ya kudumu iliyo dhaifu zaidi, na ndiyo iliyorushwa Mei 2011.

Jambo la kuangalia ni joto ambalo koili itafanyia kazi. Kuondoa wati moja ya joto kwenye kelvini 4 na kuitupa kwenye kelvini 300 hugharimu, kwa sheria za termodinamiki, angalau wati 74. Kwenye kelvini 40 hugharimu 6.5. Mashine halisi hutumia mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana mradi wa Ulaya wa SR2S wa ngao za sumaku, ulioanza mwaka 2013, ulishirikiana na CERN kuchunguza magnesi diboraidi, ambayo hubadilika kuwa superkondakta kwenye kelvini 39, ingawa hupoteza uwezo haraka uga unapokuwa mkali. Tepu za oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, ambazo kikomo chake ni kelvini 92 hivi, zinastahimili zaidi. Darubini ya James Webb imethibitisha kwamba kivuli cha tabaka tano kinatosha kushusha vifaa chini ya kelvini 50 bila heli, mradi upande mmoja uligeukie jua daima. Chombo chenye ngao kama hiyo kitalazimika nacho kuchunga mwelekeo wake safari nzima.

Mzimiko ni pale sehemu ndogo ya koili inapopata joto, ikapoteza usuperkondakta, na mkondo wote ukaanza kuichoma. Ikiwa gigajuli 3.3 zitasambazwa sawasawa katika tani zote 29 za alumini, muundo hautafikia hata joto la kawaida la chumba, kwa sababu kuipasha alumini kutoka kelvini 4 hadi 300 hutaka kilojuli 170 hivi kwa kilo. Zikimwagika mahali pamoja, zinayeyusha. Tarehe 19 Septemba 2008, kiungo kibovu cha umeme katika LHC, mtambo wa CERN wa kugonganisha chembe, kilisababisha uvujaji wa heli na madhara yaliyogusa sumaku 53. Uliza, kwa hiyo, jinsi koili zitakavyopashwa zote kwa pamoja ndani ya sekunde chache, na koili zipi zitaendelea kukinga endapo moja itatolewa.

Ncha, na ratiba ya kuwasha

Ncha mbili za silinda zizibwe kwa vitu ambavyo chombo kinabeba hata hivyo: maji, mafuta, chakula na taka, vilivyopangwa kwa unene. Chumba cha dhoruba za jua kiwekwe katikati ya urefu wa silinda, mbali na ncha zote mbili, na kiwe na kuta zake mwenyewe ili kitegemewe hata sumaku ikiwa imezimwa.

Kuizima kutatokea. Chombo kingine kikija kutia nanga, au mwanaanga akitoka nje na vifaa vya chuma, atapita karibu na koili ambazo uga huvuja katikati yake. Ukiwa na kilowati 5 za umeme za kuupa uga huo nishati yake, kuijaza upya ngao ya gigajuli 3.3 huchukua siku saba na nusu, bila kuhesabu hasara. Pangia shughuli hizo siku ambazo uso wa jua unaoelekea chombo hauna madoa makubwa yanayotishia kulipuka, zifanye kadhaa kwa mpigo mmoja, na katika wiki hiyo ya kujaza wanaanga walale ndani ya chumba cha dhoruba.